APIGAYE HODI ANGOJE KARIBU

Desturi ya hodi ni ya zamani katika nchi yetu, na mtoto huifahamu kabla hajajua kusoma. Mgeni afikapo nyumbani kwa mtu husimama nje, hupiga hodi, kisha hungoja. Akijibiwa karibu, huingia. Akipiga hodi mara tatu asijibiwe, hurudi alikotoka, wala hahesabu kwamba ametukanwa. Mlango waweza kuwa wa mbao, wa bati, au wa pazia tu, lakini heshima yake ni moja. Siku hizi kila nyumba ina mlango mwingine, nao ni simu. Na wako watu wengi ambao huingia kwa mlango huo pasipo kungoja karibu ya mwenyewe.

Wananchi wa Songea hawahitaji kuelezwa jambo hili. Tangu Mfaranyaki hata Bombambili, na tangu Lizaboni hata Matogoro, mfanyakazi arudipo kwake jioni amechoka, simu humlilia mfukoni. Sauti asiyoijua yamtaka ajiunge na huduma ya nyimbo, anunue kifurushi, abahatishe katika mchezo wa kamari, au achukue mkopo wa haraka usiodai dhamana. Akikata simu, ujumbe hufuata. Akiufuta ujumbe, mwingine huja alfajiri kabla jogoo hajamaliza kuwika. Na katikati ya hayo yote hujipenyeza ule ujumbe ambao sasa umekuwa methali nchini, wa mtu asiyejitaja anayesema kwamba ile hela itumwe kwenye namba hii.

Twaona kwamba watu hawa ni wa namna tatu, wala haifai kuwachanganya. Wa kwanza ni mchuuzi, ambaye ana bidhaa ya halali lakini hana adabu ya kuiuza. Wa pili ni mdai, ambaye amekopesha fedha kwa njia ya simu na sasa huwapigia watu wasiohusika na deni. Wa tatu ni mwizi. Kila mmoja ana kosa lake. Lakini mchuuzi asiyepiga hodi ndiye amfungulie mwizi njia. Katika mji ambao kila mtu huingia nyumba za watu apendavyo, mwenye nyumba atamtambuaje mwizi? Masikio yakishazoea kupigiwa na wageni kila siku, sauti ya tapeli hailetei mtu shaka tena.

Wako watakaosema kwamba asiyetaka kusumbuliwa aizime simu yake. Shauri hilo lingalikuwa jema zamani, wakati mtu wa Songea aliyetaka kusema na nduguye aliyeko Dar es Salaam alikwenda posta, akangoja zamu yake, akalipa, akazungumza na kurudi nyumbani. Siku hizi simu si anasa. Mshahara hulipwa kwa njia hiyo, na ada ya shule, maji na umeme vilevile. Tangu msimu wa kilimo wa 2022/2023 mkulima anayetaka mbolea ya ruzuku husajiliwa katika mfumo wa Serikali pamoja na namba yake ya simu, na taarifa zake humfikia kwa ujumbe. Wakati wa mauzo ya mahindi, ufuta, soya na mbaazi, mkulima wa Ruvuma huichungulia simu yake kama mvuvi achunguliavyo nyavu. Mtu huyu hawezi kuizima.

Wala hawezi kuacha kupokea kila namba asiyoijua. Namba asiyoijua yaweza kuwa ya muuguzi aliye zamu hospitalini, ya mwalimu wa mwanawe, au ya dereva aliyebeba mzigo wake kutoka Makambako. Matapeli wanajua hivyo, na ndiyo maana wako wanaompigia mzazi mchana, wakajifanya walimu au waganga, wakasema mtoto ameanguka shuleni na fedha za matibabu zatakiwa mara moja. Mzazi hutetemeka, na mkono hutuma fedha kabla ya akili kuuliza. Hasara hapa ni zaidi ya shilingi zilizoibwa. Siku atakapopigiwa na mwalimu wa kweli, mzazi huyo atamdhania ni mwizi.

Yafaa kuuliza namba zetu huwafikiaje watu hawa. Baadhi yao hubahatisha tu, wakapanga tarakimu na kutuma ujumbe kwa maelfu ya watu. Lakini nyingine tumezitoa wenyewe kwa nia njema. Tumeandika jina na namba katika daftari la wakala wa fedha, katika kitabu cha wageni mlangoni mwa ofisi, katika nyumba ya kulala wageni, katika orodha ya mchango wa msiba au arusi. Daftari hilo hubaki wazi juu ya meza, na anayefuata katika foleni husoma majina ya waliomtangulia. Tulipoandika namba tulikuwa na haja moja, nayo ilikwisha siku ile ile. Asiyekuwapo siku hiyo hana haki ya kuirithi namba yetu na kuifanyia biashara.

Habari ya mdai ni nzito zaidi, kwa kuwa inamgusa hata mtu asiyekopa. Ziko programu za mikopo ambazo, mtu akizipakia katika simu yake, huchukua orodha nzima ya namba alizozihifadhi. Akichelewa kulipa, hupigiwa simu bosi wake, mkwewe, shemeji yake na jirani yake, wakaelezwa kwamba fulani ni mdaiwa sugu. Hii ni fedheha, tena ni fedheha inayotumiwa kama bakora. Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikitoa mikopo bila ya leseni, na kuwaonya wananchi wasizitumie. Jirani zetu wa Kenya walipambana na ubaya huo huo. Mwezi wa Septemba 2023 ofisi yao ya ulinzi wa taarifa iliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi za Kenya 2,975,000, kwa kutumia namba za watu waliochukuliwa kutoka simu za wakopaji na kuwapelekea vitisho.

Hapa kwetu sheria ipo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika Ibara ya 16, inamhakikishia kila mtu heshima na hifadhi ya maskani yake na ya mawasiliano yake binafsi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kutuma ujumbe usioombwa kwa nia ya kutenda kosa. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa rasmi tarehe 3 Aprili 2024. Sheria hiyo inampa mwananchi haki ya kumzuia mtu asizitumie taarifa zake kwa ajili ya kumtangazia biashara. Maana yake ni kwamba namba yako ni mali yako hata ikiwa imeandikwa katika daftari la mwingine.

Lakini haki isiyojulikana ni kama ghala lililojaa mahindi ambalo funguo zake zimepotea. Ni wangapi katika vijiji vya Peramiho au Namtumbo wamepata kuelezwa haki hiyo kwa lugha wanayoielewa? Na aliyeelezwa, aanzie wapi? Akiwaambia waache leo, kesho watampigia kwa namba nyingine. Mwenye simu kubwa aweza kuzifungia namba moja moja. Bibi mwenye simu ndogo ya kitochi hana hata njia hiyo. Twaona si haki kwamba anayesumbuliwa ndiye abebe kazi yote ya kujihami, ilhali anayesumbua hana kazi ila kubonyeza.

Wafanya biashara watatujibu kwamba bidhaa hazijiuzi zenyewe, na kwamba vijana wengi hupata riziki kwa kazi hiyo ya kupiga simu. Twalikubali neno la kwanza. Biashara haina budi kutangazwa, na ndiyo maana kuna magazeti, redio na mabango. Lakini tangazo la gazetini humngoja msomaji, naye akitaka hulipita akafunua ukurasa mwingine. Simu haingoji, humwamsha mgonjwa na kumkatiza mtu katika sala. Ama kuhusu vijana, wao ni wafanyakazi wenzetu. Aghalabu hupewa orodha ya namba asubuhi na kupimwa jioni kwa idadi ya waliokubali kununua. Haifai kuwatukana. Lawama ni ya yule aliyewapa orodha pasipo kuwauliza wenye namba, akakaa pembeni akihesabu faida. Kazi inayomlazimu kijana kuwaudhi watu mia moja ili amshawishi mmoja si kazi ya kumjengea heshima.

Kwa hiyo twatoa mashauri manne kwa wenye mamlaka. Kwanza, kanuni iwe ni ruhusa kabla ya kupiga: mfanya biashara asimpigie mtu ambaye hakukubali kupigiwa, na kukubali huko kusifichwe ndani ya maandishi marefu ambayo mteja hayasomi. Pili, kila ujumbe wa biashara utaje jina kamili la aliyeutuma na njia ya kuukataa, na njia hiyo iwe bure, ijibiwe mara moja. Tatu, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, isimamie daftari moja la taifa la wasiotaka kupigiwa simu za biashara, ambalo kila mfanya biashara atalazimika kulitazama kabla ya kupiga. Uingereza ina daftari la namna hiyo tangu mwaka 1999, na Marekani tangu mwaka 2003. Nne, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ifike katika kata na mitaa, ikutane na vyama vya ushirika na vya wafanyakazi, na malalamiko yapokelewe kwa mdomo kutoka kwa wasioweza kuandika.

Hatusemi kwamba daftari litamzuia mwizi. Mwizi hasomi daftari. Lakini wafanya biashara wa kweli wakishazoea kungoja karibu, yeyote atakayeingia bila ya hodi atajulikana mara moja kuwa ni nani, na mwananchi hatasitasita kumfungia mlango.

Nasi wananchi tuna wajibu wetu, wala tusingoje kila jambo lifanywe na Serikali. Usitume fedha kwa ujumbe wa mtu asiyejitaja. Ukiambiwa mwanao au ndugu yako amepatwa na jambo, kata simu, kisha mpigie mwenyewe, au mwalimu wake, kwa namba unayoijua. Usimtajie mtu yeyote namba yako ya siri, hata akijitambulisha kuwa ni wa benki au wa kampuni ya simu. Ujumbe wa tapeli usiufute tu kwa hasira. Upeleke kwenda 15040, ufuate maelekezo utakayopewa, ili namba hiyo ichunguzwe. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiikuta usiyoijua, wahi kutoa taarifa, kwa kuwa tapeli hupenda kujificha nyuma ya jina la mtu mwema. Tena usitoe namba ya mwenzio kwa mtu wa tatu kabla ya kumwuliza. Na wewe unayeweka daftari la wateja, lifunike.

Tusaidiane pia na wazee wetu. Kijana aliyesoma asiridhike kujilinda yeye peke yake, bibi yake akabaki kuwa windo. Jioni moja ya kukaa naye, kumsomea ujumbe alioupokea na kumweleza upi ni wa kweli na upi ni wa hila, yaweza kuokoa fedha za mavuno ya mwaka mzima.

Simu zimetuletea faida kubwa. Katika mkoa huu ulio mbali na pwani, zimewakaribisha jamaa waliotengana na kumfungulia mkulima mdogo habari za soko. Hatutaki kurudi nyuma. Tunalotaka ni kwamba chombo hiki kifuate adabu ambayo nyumba zetu zimekuwa zikiifuata siku zote. Nyumba ni ya mwenyewe, na ruhusa ya kuingia ni yake yeye. Basi apigaye hodi, na angoje karibu.