Uso wa Bibi Harusi na Jicho la Kamera

Mama mmoja wa Kisauni ametuletea swali ambalo, katika majira haya ya Mfungo Mosi, bila shaka linazisumbua nyumba nyingi. Binti yake yu karibu kuolewa. Mpambaji aliyesifiwa na mashoga zake ametaja ujira usiomudika, na amesisitiza kwamba vipodozi vya bei nafuu haviwezi kumtoa bibi harusi vizuri pichani. Mama anauliza kama aiweke rehani bangili yake ya dhahabu, picha za kupamba zisije zikamwaibisha mwanawe mbele ya wakwe.

Bangili ibaki mkononi, mama. Kamera haisomi bei iliyobandikwa kwenye kopo. Inachokisoma ni rangi ya ngozi na namna mwanga unavyoiangukia, na mambo hayo mawili yanataka uangalifu kuliko yanavyotaka fedha.

Tuanze na mwanga. Wengi wetu tumewahi kumwona bibi harusi aliyekuwa aking'ara ukumbini, lakini picha zilipotoka uso ukawa kama uliomwagiwa unga wa muhogo, na shingo imebaki na rangi yake. Wengine husema mpambaji ni mbovu, wengine husema ni kijicho. Sababu aghlabu imo koponi. Vipodozi vyenye kinga ya jua mara nyingi hutiwa titani dioksaidi au zinki oksaidi, nayo ni madini meupe. Mchana hayana neno. Usiku, flashi inapowaka, mwanga huyagonga na kurudi moja kwa moja kwenye kamera, na weupe ule ambao macho hayakuuona hujitokeza. Poda nyeupe laini iliyotengenezwa kwa silika nayo hufanya vivyo hivyo, hasa ikilundikwa chini ya macho. Basi kwa shughuli ya usiku, chagueni faundesheni isiyoandikwa SPF, na poda iliyo na rangi ya ngozi badala ya ile nyeupe.

Kulijua hilo mapema hakugharimu kitu. Siku kadhaa kabla ya shughuli, mpakeni binti uso wote kama atakavyopakwa usiku wenyewe, kisha msubiri dakika 20, kwani faundesheni nyingi hukoza rangi zikishakaa juu ya ngozi. Zimeni taa za chumba, mpigeni picha kwa flashi, na muitazame picha, si kioo. Kioo husema yake na kamera husema yake. Picha hizo zikifutwa baadaye, hapana aliyepata hasara.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, hufanyika dukani. Mnunuzi hupaka kidogo mgongoni mwa kiganja, chini ya taa nyeupe ya duka, na muuzaji humwambia, "Hii ndiyo yako, dada." Lakini kiganja na uso havina rangi moja, na taa ile humdanganya hata muuzaji mwenyewe. Paka mstari mwembamba kwenye taya, karibu na shingo, kisha jitazame katika mwanga wa mchana. Mstari unaopotea ndio wako. Mwenye kuvaa nikabu aombe kidogo ndani ya karatasi, akajaribu nyumbani karibu na dirisha. Muuzaji muungwana hatakataa. Na ikiwa hakuna rangi inayolingana, nunueni makopo mawili ya bei rahisi, moja lililozidi weusi kidogo na jingine lililopungua, myachanganye hadi mpate rangi ya binti. Gharama ya makopo hayo mawili mara nyingi haifikii ile ya kopo moja la fahari.

Zamani ushauri huu ungekuwa mgumu kuufuata, maana makopo mengi yalitengenezewa ngozi za watu wengine. Mwaka 2017 kampuni ya Fenty Beauty, ya mwimbaji Rihanna, ilizindua faundesheni ya rangi 40 kwa mara moja, na kampuni nyingine zikaona haya na kuongeza rangi zao. Faida yake imetufikia hata sisi tusionunua kwake. Lakini kopo lenye jina kubwa linalouzwa kwa bei ya kutupa ni la kutiliwa shaka. Kipodozi halisi cha kampuni isiyo na sifa ni bora mara nyingi kuliko cha bandia chenye jina la kifahari, kwa kuwa cha bandia hakijulikani kimetiwa nini.

Tabia ya kutaka uso uwe mweupe pichani ina historia yake. Katika karne iliyopita, filamu za rangi za Kodak zilipoenea duniani, mafundi wa kusafisha picha walirekebisha rangi kwa kufuata kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, nayo ikaitwa kadi ya Shirley. Uso wake ukitoka sawa, kazi ilihesabiwa kuwa sawa, na nyuso nyeusi zikimezwa na giza hapakuwa na aliyeuliza. Fungueni albamu za nyanya zetu mtaona: katika baadhi ya picha yamebaki macho na meno tu. Huenda waliojipaka poda nyeupe wakati ule walikuwa na udhuru. Kamera za leo, hata za simu, zimeupunguza sana upungufu huo.

Kwa hiyo nasikitika ninapoona binti anaanza kupaka krimu za kujichubua miezi mitatu kabla ya harusi, eti apate kutoka vizuri pichani. Krimu zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini Kenya, na bado zinauzwa kwa kificho. Zebaki hupenya ngozini na kudhuru figo. Tukiweka afya kando kwa dakika moja na kutazama picha peke yake, krimu hizo zinaleta balaa: uso unakuwa na rangi moja, shingo nyingine, na vidole vina mabaka meusi kwenye viungo. Hapana faundesheni, ghali wala rahisi, iwezayo kuwapatanisha hao watatu. Singo na liwa za kwetu hulainisha ngozi bila kuigeuza, na ngozi laini ndiyo inayopokea rangi vizuri.

Mikono nayo imo pichani. Piko hupendwa kwa kuwa weusi wake hukaa dhahiri mbele ya kamera, lakini hiyo ni dawa ya kutia nywele rangi, na kemikali iliyomo yaweza kumtoa mtu malengelenge na kumwachia kovu la maisha. Hina halisi hukoza yenyewe kwa siku moja au mbili baada ya kuoshwa. Ipakwe siku mbili kabla ya picha, nayo itatoka nyekundu iliyoiva. Rangi ya kucha huzuia maji ya udhu, hina haizuii, hilo mnalijua.

Kuhusu sala, ratiba huwatatiza wengi bila sababu. Kupamba huanza baada ya Isha. Bibi harusi asali Magharibi, akiwa na udhu wake ndipo apakwe, aitunze hadi Isha. Wanja na maskara awe na vyake mwenyewe, hata vya bei ya chini kabisa, kwani brashi iliyopita kwenye macho ya watu kumi huambukiza maradhi. Usiku akirudi, mafuta ya nazi yatavitoa vyote.

Fedha iliyookolewa ningeipeleka kwa mpiga picha mwanamke anayeijua kazi yake. Simu za wageni zikusanywe mlangoni kama ilivyo ada, ili picha zisizagae, naye aachiwe nafasi. Mwambieni mapema kwamba dari ya ukumbi ikiwa nyeupe na si ndefu sana, aielekeze flashi juu, asimpige nayo bibi harusi usoni. Mwanga unaoteremka kutoka darini ni mpole na hauibui weupe wala mafuta. Mtazameni pia mtandio atakaouvaa, maana kijani kikali hutupa kivuli cha kijani kwenye taya. Jasho la Mombasa lifutwe kwa kubonyeza tishu kabla ya kuongeza poda. Poda juu ya jasho hufanya mabonge, na mabonge hayo kamera huyaona yote.