Timu Yangu Inafungwa, Mwenye Timu Analala Usingizi

Timu yangu inaitwa Pittsburgh Pirates. Inacheza besiboli katika ligi kuu ya Marekani, na inafungwa. Msimu wa 2025 imecheza mechi 162, imeshinda 71, imepoteza 91. Mwaka 2024 ilipoteza 86. Mwaka 2023 ilipoteza 86 hizo hizo, kana kwamba walinakili. Mwaka 2022 ilipoteza 100, na 2021 ilipoteza 101. Nyinyi Makolo mnaolia kwa sababu Yanga wamebeba ligi mara nne mfululizo, njooni tukae kimbweta kimoja. Nitawapa pole, halafu na mimi mnipe yangu.

Kila nikivaa kofia yangu mtu ananiuliza kwa nini nimechagua timu hii. Sikuchagua. Mama yangu mdogo anaishi Pittsburgh, kazi yake ni kuhudumia wazee, na mwaka 2018 nilipokuwa kidato cha pili alinitumia kofia nyeusi yenye herufi P ya njano. Basi. Wengi wenu Yanga na Simba mmezirithi kwa baba zenu kama mlivyorithi ukoo, kwa hiyo msinitazame kama mtu wa ajabu.

Kwa asiyeujua mchezo, nitasema kwa kifupi. Timu moja inapiga, nyingine imetawanyika uwanjani inadaka. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anaupiga kwa gongo kisha anakimbilia kituo cha kwanza. Mpira ukifika hapo kabla yake, ametoka. Vituo ni vinne. Ukivizunguka vyote ukarudi ulipoanzia, unapata pointi. Wakitoka watu watatu, timu zinabadilishana. Kila timu inapata zamu tisa za kupiga. Hayo yanatosha kuelewa uchungu wangu.

Tuanze na tarehe 27 Mei 2021, nyumbani Pittsburgh, dhidi ya Chicago Cubs. Watu wawili wa Cubs wameshatoka, kwa hiyo akitoka mmoja tu zamu imekwisha. Javier Báez anapiga mpira dhaifu, unadakwa, unarushwa kwa Will Craig wa kituo cha kwanza. Craig ana mpira mkononi. Anachotakiwa kufanya ni kurudi hatua chache, akanyage kituo, aende kunywa maji. Báez anasimama, anaanza kurudi nyuma alikotoka. Na Craig, sijui shetani gani alimpitia, anaanza kumfukuza! Anamkimbiza kuelekea nyuma kama mtoto anayefukuza kuku jikoni. Wakati huo mchezaji mwingine wa Cubs anakuja mbio kutafuta pointi. Craig anashtuka, anamrushia mdakaji mpira, jamaa ameshafika. Báez anageuka, anakimbilia kituo cha kwanza ambako sasa hakuna mtu, mpira unarushwa hovyo, anaendelea mpaka kituo cha pili. Klipu hiyo nimeitazama mara nyingi kuliko notisi za kozi yoyote niliyosoma hapa chuoni.

Siku kumi na mbili baadaye kijana wetu Ke'Bryan Hayes alipiga homurani, ule mpira ambao mpigaji anazunguka vituo vyote kwa raha zake bila mtu kumgusa. Akazunguka. Akashangiliwa. Los Angeles Dodgers wakaomba video iangaliwe, ikaonekana hakukanyaga kituo cha kwanza. Pointi ikafutwa. Jamani, kukanyaga tu!

Ukiishia hapo utadhani ni timu ya vichekesho, na hiyo si haki. Pirates wana mataji matano ya dunia: 1909, 1925, 1960, 1971 na 1979. La 1960 walilipata kwa homurani ya Bill Mazeroski katika zamu ya mwisho ya mechi ya saba, dhidi ya New York Yankees, mechi ikaisha 10 kwa 9. Tarehe 1 Septemba 1971 walipanga kikosi cha kwanza katika historia ya ligi hiyo ambacho wachezaji wote tisa walikuwa weusi na Walatino. Katika kikosi hicho alikuwamo Roberto Clemente wa Puerto Rico, aliyestahili kujulikana huku kwetu kama anavyojulikana Muhammad Ali. Alimaliza maisha yake ya mpira na mapigo 3,000 kamili. Tarehe 31 Desemba 1972 alipanda ndege iliyobeba misaada ya watu wa Nicaragua waliopigwa na tetemeko la ardhi, ndege ikaanguka baharini. Alikuwa na miaka 38.

Kwa hiyo jina lipo na heshima ipo. Kilichokuja baadaye ndicho kigumu. Oktoba 1992 Pirates waliingia zamu ya mwisho ya mechi ya saba huko Atlanta wakiongoza 2 kwa 0, wakihitaji kuwatoa watu watatu tu ili waende fainali. Walifungwa 3 kwa 2. Baada ya hapo nyota wao Barry Bonds akaondoka, na timu ikaanza safari ambayo hakuna timu ya kulipwa Amerika Kaskazini iliyowahi kuisafiri: misimu 20 mfululizo, kuanzia 1993 hadi 2012, kila msimu vipigo vingi kuliko ushindi. Mtoto aliyezaliwa safari ikianza alifika umri wa kusoma chuo kikuu ndipo ikaisha.

Ilipoisha, iliisha kwa kishindo. Kuanzia 2013 walifuzu hatua ya mtoano miaka mitatu mfululizo, na 2015 walishinda mechi 98. Kisha uongozi ukaanza kuuza. Januari 2018 walimpeleka mrushaji Gerrit Cole Houston, na kipenzi cha mji, Andrew McCutchen, San Francisco. Kofia yangu ilifika miezi michache baadaye. Yaani nilipanda basi abiria wenye nauli wakishuka.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Washkaji wananipa ushauri wa aina mbili, na wote siukubali.

Wa kwanza ni kuhama. Wana wa hosteli wananiambia chukua Dodgers, ule maisha, kama walivyohamia Manchester City wakati ule ule Man United walipoanza kuyumba baada ya Ferguson kustaafu 2013. Hao sina ugomvi nao. Ila furaha ya kuhamia kwa bingwa ni kama kula harusini usikoalikwa: wali ni ule ule, lakini hujui bibi harusi ni nani.

Wa pili ndio unaoniudhi zaidi, kwa sababu unakuja umevaa kanzu. Unasema kuvumilia timu mbovu kunajenga tabia, kunakufundisha subira, shabiki wa kweli haulizi. Hapana. Kukaa macho usiku kutazama mtu anasahau kukanyaga kituo hakujanifundisha subira yoyote. Kumenipa usingizi kwenye semina ya saa mbili asubuhi. Na huyo shabiki asiyeuliza ndiye mteja anayependwa kuliko wote na mtu mmoja, naye ni mwenye timu.

Hapa kwetu timu ikishika mkia inashuka daraja, na kila kiongozi wa klabu anaogopa siku hiyo kama mwanafunzi anavyoogopa kudisko. Ligi kuu ya besiboli Marekani haina kushuka daraja. Ina timu 30, na ukiwa wa mwisho mwaka huu, mwakani upo pale pale. Fedha za televisheni za taifa zima zinagawanywa kwa wote. Juu ya hapo, timu zinachangia sehemu ya mapato yao katika mfuko mmoja, na wenye masoko madogo kama Pittsburgh wananufaika nao. Nia ya mpango huo ni nzuri, mdogo apate nguvu ya kushindana na mkubwa. Lakini kima cha chini ambacho timu inalazimika kutumia kwa mishahara hakipo, na ukomo wa juu haupo pia. Ndiyo maana msimu wa 2025 Dodgers walilipa wachezaji zaidi ya dola milioni 300, Pirates hawakufika milioni 100. Mkubwa anashinda kwa sababu anatumia. Mdogo anafungwa, na hafilisiki.

Tunaokaa hosteli tunaijua hesabu hii bila kufundishwa. Anayejua kwamba huna pa kuhamia hana haraka ya kutengeneza bomba.

Matunda yake yalionekana wazi 2025. Pirates wanaye Paul Skenes, kijana waliyemchukua wa kwanza kabisa katika uteuzi wa 2023. Mwaka 2024 alikuwa mchezaji mpya bora wa National League. Mwaka 2025 alichukua tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, kwa kura zote. Kwa wastani aliruhusu pointi 1.97 kwa kila zamu tisa. Hizo ni namba za kutisha. Na rekodi yake ya msimu? Ushindi 10, vipigo 10. Mrushaji bora wa ligi nzima ana sare na nafsi yake, kwa sababu wenzake hawapigi mipira. Anazuia, anazuia, anageuka nyuma, ubao unasoma sifuri kwa timu yake. Mei 2025 kocha Derek Shelton alifukuzwa, timu ikiwa na ushindi 12 na vipigo 26. Ukimfukuza dereva wa gari lisilo na injini, gari linabaki palepale.

Mwezi mmoja kabla ya hapo lilitokea jambo lililoniuma kuliko kipigo chochote. Ukuta wa upande wa kulia wa uwanja wao, PNC Park, una urefu wa futi 21 kwa heshima ya jezi namba 21 ya Clemente. Kulikuwa na alama ya 21 imewekwa hapo. Msimu ulipoanza watu wakaona alama haipo, mahali pake pamebandikwa tangazo la pombe ya kopo. Mtoto wa Clemente akalalamika hadharani, klabu ikaomba radhi na kuirudisha. Katika wiki hizo hizo zikasambaa picha za matofali yenye majina ya mashabiki, yale waliyoyanunua wakati uwanja unajengwa, yakiwa yamerundikwa kwenye eneo la kuchakata taka. Katika mechi ya kwanza ya nyumbani ya msimu, ndege ndogo ilipita juu ya uwanja ikivuta bango la kumtaka Bob Nutting, ambaye timu iko mikononi mwake tangu 2007, aiuze. Uwanjani watu wakaimba hivyo hivyo.

Mimi nilifurahi kuwasikia. Hao ndio mashabiki. Walikuwa wamevaa jezi nyeusi na njano, wanamjua Mazeroski, wanamjua Clemente, na wanadai. Msimamo wangu ndio huo: timu ni ya mji na ya waliocheza, mwenye hati ya umiliki anapita. Ukiipenda timu hulazimiki kumpenda yeye, wala kumlipa.

Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu. Nafuatilia kila mechi ninayoweza, ila sinunui kitu. Jezi ya Skenes ninaitamani sana, na siku boom inapoingia huwa naiangalia kwenye simu kama wengine wanavyoangalia viatu, kisha naifunga. Mwenzangu wa chumbani, Mwananchi wa damu, ananicheka. Anasema: "Unamgomea mtu asiyejua kama upo duniani." Kweli, hajui. Hela yangu ya jezi haimtoi mtu jasho Pittsburgh. Lakini wao wa kule wakigoma yeye anahesabu viti, na mimi siwezi kuwaimbia wenzangu wagome huku nimevaa risiti mgongoni. Tulibishana mpaka umeme ukakatika, na hakukubali.

Kitu ambacho hakijui ni kwamba hata sisi wa huku tuna kadeni ketu pale. Tarehe 26 Aprili 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini aliingia PNC Park akiwa Mwafrika wa kwanza mzaliwa wa bara hili kucheza ligi hiyo, na mara yake ya kwanza kushika gongo akapiga mpira uliomfikisha kituo cha kwanza. Alikulia ndani ya klabu ya besiboli ya Randburg, ambako mama yake alikuwa mfanyakazi na chumba chao kilikuwa humo humo. Pirates ndio waliomsajili. Pirates hao hao wamemsajili David Matoma, mrushaji kijana kutoka Uganda, anayepanda ngazi katika ligi za chini na mpira wake una kasi ya hatari. Hapa Dar pale Azania Sekondari kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani, na ukipita siku ya mazoezi utaona watoto wanadaka vizuri kuliko baadhi ya watu niliowataja hapo juu.

Mechi za usiku za Pittsburgh nyingi zinaanza saa 12:40 jioni kwao, ambayo kwetu ni saa 7:40 usiku. Video inakula bando, hivyo naangalia nukta tu kwenye simu: nyekundu mpira mzuri, kijani mpira mbaya, bluu umepigwa. Msimu mpya unaanza mwishoni mwa Machi. Mwenzangu ameshaniomba nipunguze mwanga wa simu, na amekubali nimwamshe siku Matoma atakapopandishwa.