Amplifaya ya Mjomba na Wati za Kwenye Boksi

Nimenyamaza kwa muda, kazi za kuandika programu zilinizidi, lakini leo nina neno, na si la kompyuta. Ni la amplifaya za gari.

Mjomba wangu aliponipa amplifaya yake ya miaka ya tisini, alinikabidhi kama mtu anayegawa shamba. Nzito kama tofali, mapezi ya alumini kila upande. "Hii usiiuze," akaniambia. Nikaifunga kwenye Corolla yangu iendeshe sabwufa. Wiki ya tatu, saa nne usiku, gari likagoma kuwaka kando ya Othaya Road hapa Kileleshwa. Betri ilikuwa imekauka. Walinzi wawili wa fleti za jirani ndio walionisukuma, na mmoja akaniuliza kwa nini nisizime redio siku moja nilale.

Kwa hasira nikanunua mpya. Nyepesi, nyembamba, boksi limeandikwa wati 3000. Haikumaliza miezi minne.

Sasa kila fundi ninayekutana naye mjini ananiambia kitu kilekile: za zamani ndizo amplifaya, hizi za siku hizi ni makopo tu. Mimi nasema hapana. Kwa kuendesha sabwufa, ya kisasa ni bora, tena kwa mbali. Kilichoharibika ni ukweli wa namba zinazoandikwa juu yake.

Tuanze na ya mjomba. Ni ya aina iitwayo klasi AB. Transista zake hufanya kazi kama bomba la maji lililofunguliwa nusu: umeme unapita, lakini sehemu kubwa inapotea humo humo kama joto. Ndiyo maana ya ule uzito! Watu wanasifu mapezi ya alumini, kumbe yapo ili kutupa nje umeme ambao alteneta yako imehangaika kuutengeneza. Ikitoa wati 500 kwa ufanisi wa asilimia 50, inakula wati 1000. Gawanya kwa volti 13.8, unapata karibu ampea 72. Alteneta nyingi za magari madogo zinatoa kati ya ampea 60 na 100, na bado kuna taa, feni na kompyuta ya injini. Kweli muziki haupigi besi mfululizo, lakini ukisimama kwenye foleni ya Waiyaki Way jioni, injini ikiwa chini, alteneta haifikii hata kiwango chake. Betri ndiyo inalipa deni.

Klasi D ni kitu kingine. Hapo transista ama imefunguka kabisa ama imefungwa kabisa, makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde au zaidi, kisha koili na kapasita husawazisha yale mapigo yakawa sauti. Ufanisi hufika asilimia 80 na zaidi. Wati 500 zilezile sasa zinahitaji ampea 45 hivi.

(Herufi D haina maana ya dijitali, jamani. Ilifuata tu C. Wazo lenyewe si la jana: Clive Sinclair wa Uingereza aliuza seti ya kujiundia ya namna hii, X-10, katikati ya miaka ya 1960, ikasumbua kwa sababu transista za wakati ule hazikuwa na kasi ya kutosha.)

"Lakini sauti ya zamani ni tamu." Kwa spika za milango nitakusikiliza. Kwa sabwufa, hapana. Sabwufa inapiga chini ya hezi 100 hivi, na huko chini kuchuja kelele za kule kuwashwa na kuzimwa ni kazi rahisi. Ndiyo sababu klasi D iliingia kwenye magari kwa mlango wa besi kwanza. Tena ile ya mjomba nayo ina ugavi wa umeme ndani yake unaowaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, ili kupandisha volti 12. Hakuna anayelalamikia hilo.

Ambapo mafundi wana haki ni kwenye ukarabati. Ya mjomba ikiungua, transista zinaonekana kwa macho na fundi wa Luthuli Avenue mwenye pasi ya kulehemu anabadilisha. Yangu ya wati 3000 ilipofunguliwa, fundi alicheka. Vipande kama chawa vimebandikwa kila mahali, na pembeni fyuzi mbili za ampea 30.

Hapo ndipo nilipoona nimeibiwa. Fyuzi mbili za 30 ni ampea 60. Zidisha kwa volti 14.4, unapata wati 864 zinazoingia. Ondoa kinachopotea, zinabaki kama 690 kwenye spika. Hizo 3000 zinatoka wapi? Ukiwa dukani, soma fyuzi, piga hesabu hiyo kwenye simu, halafu mwangalie muuzaji usoni.

Marekani waliona tatizo hili zamani. Mwaka 2003 chama cha watengenezaji wa vifaa vya elektroniki kilitoa kiwango cha CEA-2006: nguvu ipimwe kwa volti 14.4, spika ya omu 4, upotoshaji usizidi asilimia 1. Ni cha hiari, lakini amplifaya yenye alama hiyo inaweza kulinganishwa na nyingine. Kwa maoni yangu KEBS wangedai namba ya namna hiyo kwenye kila boksi linaloingia nchini. Tunadai uzito wa kweli kwenye unga. Kwa nini tusidai wati za kweli?

Kwa sasa nina klasi D ya wati 400 yenye alama hiyo, bei ilikuwa juu kuliko ile ya 3000. Taa hazifififii tena. Ya mjomba nimeibadilishia kapasita, maana za umri huo hukauka, inaendesha spika za milango. Jumapili alikuja, akakaa kiti cha mbele, akasikiliza nyimbo mbili kimya.

"Unaona?" akasema. "Nilikuambia besi yake hii haina mfano."

Sijamwambia.