Mzigo Umefika? Onyesha Ushahidi

Wewe unayeuza asali au vyondo mtandaoni ukiwa Nuu, hebu nikuulize: gari likishaondoka kuelekea Mwingi, unajuaje kama mzigo ulifika Nairobi? Wengi wetu tunaandika jina na nambari ya simu kwa kalamu nene juu ya katoni, tunampa konda, halafu tunamwachia Mungu.

Sasa linganisha na pesa. Tangu M-Pesa ianze 2007, nani hukubali "nimetuma" bila kuona meseji yenye kodi? Mbona basi mzigo tunauacha usafiri kwa imani tu?

Lebo si urembo. Ichapishe saiba: jina la mpokeaji, simu, steji ya kuchukulia, nambari ya oda. Ifunike kwa selotepu isilowe. Zile lebo za printa isiyotumia wino hufifia zikikaa juani, na jua la Ukambani walijua.

Lakini lebo ni nusu ya kazi. Piga picha mzigo ukipakiwa, dai risiti, kisha mwambie mteja akishauchukua akutumie meseji: "Nimepokea oda nambari 14." Hiyo meseji usiifute.

Siku mteja atakaposema hakuona kitu, bila ushahidi mtabaki kubishana, na mwisho utarudisha pesa ama jina lako lichafuliwe mtandaoni. Kampuni kubwa zina mashine za kuskani kila mzigo. Wewe una simu mkononi. Itumie, bana.