Fidla, Bashraf na Konseto

Wako watu wa Unguja wasemao kwamba konseto za Ulaya ni muziki wa wageni, na kwamba mtoto wa Kikwajuni azisikilizapo hupoteza wakati wake bure, maana hazina maneno wala hazimhusu. Neno hili husemwa kwa nguvu, lakini halikupimwa vema.

Konseto ni utungo wa vyombo ambao ndani yake mpigaji mmoja, au wachache, hushindana na kundi zima na kupatana nalo. Zamani za Antonio Vivaldi wa Venice, aliyezaliwa mwaka 1678, kundi hilo lilikuwa dogo: fidla kadha wa kadha, selo, besi, na kinanda ambacho nyuzi zake hudonolewa na vipande vya unyoya wa ndege. Wote huanza pamoja kwa sauti nyepesi kukumbukwa. Kisha mmoja hutoka peke yake na kuonyesha wepesi wa vidole vyake. Halafu wenziwe huirudia ile sauti ya kwanza, naye hutoka tena, hata mwisho.

Sasa na aulizwe mzee yeyote apendaye taarabu, bashraf hupigwaje? Bashraf hupigwa kabla mwimbaji hajasimama, nayo haina hata neno moja. Asili yake ni kwa Waturuki, ikapita Misri, ikafika Unguja, na chama cha Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kimeipiga miaka mingi. Hupigwa sehemu moja, kikafuata kiitikio. Ikaja sehemu ya pili, na kiitikio kile kile tena. Basi mtu aliyezoea kungoja kiitikio cha bashraf amekwisha jua kungoja cha Vivaldi. Hata vyombo vingine ni vile vile, kwa kuwa fidla, selo na besi zimo katika taarabu pia.

Tena si kweli kwamba muziki usio na maneno hausemi kitu. Mwaka 1725 zilipigwa chapa konseto nne za Vivaldi za majira ya mwaka. Katika ile ya kwanza yumo mchunga mbuzi aliyelala: fidla moja huimba usingizi wake polepole, na nyingine, iliyo kubwa kidogo, hubweka kama mbwa wake. Mtoto aambiwe mara moja tu, na tangu hapo atamsikia yule mbwa kila mara.

Nyumba za ghorofa za Kikwajuni zilijengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya mwaka 1964. Je, wakaao humo husema wamepanga Ujerumani?

Iko hofu moja yenye haki, nayo ni kwamba vijana wataacha taarabu. Shingo ya fidla haina vigawanyo, kwa hiyo kidole chaweza kushika hata zile sauti za maqamu zisizopatikana katika piano. Mwalimu afundishaye konseto peke yake hukiziba kidole hicho njia, na hiyo ni hasara kubwa. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanza kufundisha mjini Unguja mwaka 2002, kilifanya vema kuipa taarabu mahali pa mbele.

Wengine husema ufundi huu ni wa watoto wa matajiri. Vivaldi alianza mwaka 1703 kufundisha katika nyumba ya Pietà, iliyolea watoto waliotupwa na wazazi wao. Wasichana wa nyumba hiyo hawakuwa na mali, lakini wageni walisafiri kutoka nchi za mbali ili kuwasikiliza. Walikuwa na mwalimu, tena walikuwa na vyombo vya kushika kila siku. Fidla moja ikizungushwa kwa watoto kumi, kila mmoja hupata dakika chache tu, na vidole husahau kabla zamu haijarudi.