Safari ya meli Karibea: Pitia kwa daktari kwanza

Mwezi uliopita mgonjwa wangu wa miaka mingi, mwalimu mstaafu wa miaka 67, aliingia kliniki akiwa na tabasamu ambalo sijazoea kuliona siku za kupima sukari. Mwanawe anayeishi Texas amemkatia tiketi ya ndege hadi Miami. Kutoka hapo, yeye, mwanawe, mkaza mwana na wajukuu wawili watapanda meli ya watalii na kuzunguka Karibea kwa siku saba. “Daktari, niandikie tu dawa ya kutapika,” akaniambia. “Nasikia bahari ya huko inalevya.”

Mwalimu ana shinikizo la damu na kisukari. Humeza tembe nne tofauti kila siku. Nilimwambia ukweli: kati ya yote yanayoweza kumpata kwenye safari hiyo, mawimbi ndiyo yaliyonitia wasiwasi mdogo zaidi.

Yeye si wa kwanza. Watoto wetu walioko Marekani na Canada wanapowaalika wazazi, zawadi hii ya meli imeanza kuwa ya kawaida, na inaeleweka: mzee hapandi ngazi za viwanja vya ndege kila siku, analala chumba kimoja na anaamka akiwa nchi nyingine. Wakazi wa Mombasa mmeziona meli za aina hii zikitia nanga Kilindini. Za Karibea ni kubwa zaidi. Icon of the Seas, iliyoanza safari zake kutoka Miami Januari 2024, inaweza kubeba abiria zaidi ya 7,000 mbali na wafanyakazi wake. Huo ni mji. Watu wote hao hula kwenye kumbi zilezile na kushika vyuma vilevile vya ngazi na vitufe vilevile vya lifti kwa wiki nzima.

Ndiyo maana habari za abiria kuhara na kutapika zimekuwa zikijirudia magazetini. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, hutangaza mlipuko pale asilimia 3 au zaidi ya abiria au ya wafanyakazi wa meli wanaporipoti dalili hizo. Mwaka 2024 kilitangaza milipuko 18. Mwaka 2025 idadi hiyo ilipitwa. Mingi ilisababishwa na norovirusi, na madaktari wa Marekani waliona aina moja ya virusi hivyo, GII.17, ikienea kwa kasi nchi kavu na baharini katika majira ya baridi ya 2024 kuingia 2025.

Takwimu hizi zataka kusomwa kwa utulivu. Meli zinazotia nanga Marekani hulazimika kuhesabu wagonjwa wao na kuripoti. Hoteli ya nchi kavu haina mtu wa kuhesabu wageni wanaokimbilia choo usiku. CDC yenyewe inasema milipuko ya melini ni takriban asilimia 1 tu ya milipuko yote ya norovirusi inayoripotiwa Marekani. Mingi zaidi hutokea kwenye nyumba za kutunzia wazee, shule na mikahawa. Kwa hiyo simwambii mtu avunje safari. Linalonisumbua ni kwamba Aprili 2025 mpango wa CDC wa kukagua usafi wa meli uliguswa na upunguzaji wa wafanyakazi serikalini, wakati uleule milipuko ikiongezeka. Mpango huo bado upo. Wakaguzi wake huingia melini bila kutoa taarifa na kuipa kila meli alama kati ya 100. Inayopata 85 au chini imefeli. Matokeo yako wazi kwenye tovuti ya CDC, na kijana aliyelipa tiketi anaweza kutafuta jina la meli kwa dakika mbili.

Hata hivyo alama hizo zitakueleza kuhusu jikoni na matangi ya maji. Hazitakueleza kuhusu abiria aliye mbele yako kwenye foleni ya chakula, ambaye alitapika asubuhi na hakumwambia mtu.

Chembe chache mno za norovirusi zatosha kumwangusha mtu mzima. Dalili huanza saa 12 hadi 48 baada ya kuambukizwa: kutapika kwa ghafla, kuhara maji, maumivu ya tumbo, wakati mwingine homa. Kwa mtu mwenye afya hupita kwa siku moja hadi tatu. Mlangoni mwa kila ukumbi wa chakula utakuta chupa ya jeli ya kusafishia mikono, na abiria wengi hujipaka, wakaridhika. Jeli hiyo ina alkoholi, na alkoholi haiviui vizuri virusi hivi. Tafuta bomba. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20, kabla ya kula na kila utokapo msalani, na uwasimamie wajukuu wafanye hivyo. Ukishika koleo la kupakulia chakula, ujue mamia wamelishika kabla yako. Pakua kwanza, kisha nawa, ndipo ule.

Sasa nije kwa Mwalimu, kwa sababu hapa ndipo safari inapoweza kugeuka. Mtu anayetapika na kuhara hupoteza maji. Kati ya tembe zake nne, moja huongeza mkojo, nyingine ni enalapril ya presha, na ya tatu ni metformin ya sukari. Siku ya kawaida dawa hizi zinamlinda. Siku ambayo mwili umekauka, mbili za kwanza zinaweza kushusha presha kupita kiasi na kuumiza figo, na figo zikichoka metformin hukaa mwilini ikaleta madhara. Akiongeza diclofenac ya goti, ambayo wazee wetu huimeza kama peremende, mzigo kwa figo huwa mzito zaidi. Nimewahi kumpokea mgonjwa aliyeharishwa na chakula cha harusi, hapa hapa nchini, akaendelea kumeza dawa zake zote kwa uaminifu siku tatu bila kunywa maji ya kutosha. Alifika figo zimesimama.

Kwa hiyo kabla ya kusafiri mwombe daktari wako akuandikie kwenye karatasi ni dawa gani za kusimamisha kwa muda ukiharisha sana, na lini za kuzirudia. Usijiamulie mwenyewe. Wanaojidunga insulini hasa wasiiache kabisa eti kwa sababu hawajala. Kipimo hubadilishwa, na sukari hupimwa mara nyingi zaidi. Tena kuna tofauti ya saa saba au nane kati ya Kenya na Miami, kutegemea majira, kwa hiyo ratiba ya insulini ya siku ya ndege lazima ipangwe mapema.

Beba pakiti za ORS kutoka nyumbani. Ni nyepesi na za bei nafuu, na duka la meli huenda lisiwe nazo. Soma kwenye pakiti ni ya maji kiasi gani, nusu lita au lita nzima, kwa sababu zote mbili ziko madukani. Kwa mtoto, ongeza tembe za zinki ambazo kliniki zetu hutoa pamoja na ORS, na usimpe dawa ya kufunga kuhara. Mtoto aliyelegea, asiyekojoa kwa saa nyingi au anayelia bila machozi hapelekwi kitandani, anapelekwa kwa daktari wa meli.

Daktari yupo. Meli hizi zina kliniki yenye madaktari na wauguzi, kipimo cha moyo, oksijeni na dawa za dharura. Zisichokuwa nacho ni hospitali kamili: usitarajie upasuaji mkubwa, benki ya damu wala mashine ya kusafisha figo. Mgonjwa mahututi hutulizwa hapo, kisha hushushwa kwenye kisiwa kinachofuata au kuchukuliwa kwa helikopta. Huduma ya kliniki hulipiwa, na gharama huongezwa kwenye akaunti ya chumba. Kusafirishwa kama mgonjwa kunaweza kugharimu makumi ya maelfu ya dola. Bima unayotumia hapa nyumbani usidhani itavuka bahari. Nunua bima ya safari, na hakikisha imeandikwa waziwazi kuwa inalipia matibabu melini, uokoaji wa dharura na magonjwa uliyokuwa nayo tayari. Bima nyingi za bei rahisi huyaruka magonjwa hayo kwa maandishi madogo, na mzee mwenye presha na sukari anabaki amebeba karatasi isiyomfaa kitu.

Dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Siku ya kupanda meli, masanduku makubwa huchukuliwa bandarini na huweza kufika chumbani baada ya saa kadhaa. Beba za kutosha wiki mbili zaidi ya siku za safari, ndani ya pakiti zake zenye jina lako, pamoja na barua ya daktari.

Lililotuchukua muda mrefu zaidi na Mwalimu ni homa ya manjano. Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huu, na nchi kadhaa za Karibea, Jamaica na Bahamas zikiwemo, hudai cheti cha chanjo kwa msafiri anayetoka kwenye nchi hizo. Mtu aliyekaa Marekani wiki kadhaa huenda asiulizwe, lakini karani wa bandarini anaweza kuishika pasipoti ya Kenya na kuuliza. Chanjo huanza kutambuliwa siku ya kumi baada ya kudungwa, na tangu 2016 cheti chake ni cha maisha. Kwa kijana hilo ni jambo jepesi. Kwa mtu aliyepita miaka 60 na hajawahi kuchanjwa, chanjo hii ina uwezekano mdogo, ila wa kweli, wa kuleta madhara makali, na lazima daktari apime faida na hatari. Mwalimu hakukumbuka kama alichanjwa. Nilimtuma akatafute kadi ya manjano kwenye masanduku yake kabla sijaamua lolote.

Wazazi mnaosafiri na watoto kutoka hapa, angalieni kitabu cha kliniki. Mwaka 2025 Marekani ilipata wagonjwa wengi wa surua kuliko mwaka wowote tangu 1992, na mojawapo ya milipuko mikubwa ilianzia Texas. Mtoto awe amepata dozi zake za miezi 9 na 18. Aliye mdogo zaidi, ulizeni daktari kama anaweza kuchanjwa mapema. Kampuni nyingi za meli hazipokei mtoto wa chini ya miezi sita, wala mjamzito atakayefikisha wiki 24 kabla safari haijaisha. Na kwenye madimbwi ya kuogelea msitegemee mwokoaji. Si meli zote zinaye.

Kuhusu ile dawa ya kutapika, nilimwandikia, lakini si ile aliyoitaka. Dawa nyingi za kuzuia kulevywa na bahari humletea mzee usingizi, kinywa kikavu na hata kuchanganyikiwa, na mwanamume mwenye tatizo la tezi dume anaweza kushindwa kukojoa. Wenye presha ya macho wasizitumie bila kuuliza. Chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini, hutikisika kidogo zaidi. Hilo mwanawe anaweza kulichagua wakati wa kulipia. Msimu wa vimbunga huanza Juni hadi mwisho wa Novemba.

Kwenye visiwa, jipake dawa ya mbu hata mchana, kwa kuwa dengi imekuwa nyingi sana Amerika na Karibea miaka ya karibuni. Sisi watu wa pwani pia tusidanganyike kwamba samaki tunawajua. Mzia na chewa wakubwa wa miamba ya Karibea wanaweza kuwa na sumu ya ciguatera, ambayo haiondoki kwa kupikwa wala kukaangwa. Mtu hutapika, midomo ikamwasha na kitu baridi kikamchoma kama moto. Huko Grand Cayman meli hubaki mbali na gati na abiria hushushwa kwa mashua ndogo. Mzee anayetembea kwa mkongojo aulize mapema kama ataweza.

Kuna abiria wanaoficha kuhara kwa kuogopa kufungiwa chumbani. Ni kweli, utaombwa ukae ndani hadi dalili ziishe, kwa kawaida na siku moja au mbili zaidi. Lakini chakula na maji huletwa mlangoni, na kliniki inajua ulipo iwapo utazidiwa.

Jambo la mwisho nililomwandikia Mwalimu kwenye barua yake, kwa Kiingereza na kwa herufi kubwa, ni kwamba anatoka Mombasa. Akipata homa siku ya tano baharini, daktari wa meli atafikiria mafua, Covid au dengi. Malaria anaweza asiikumbuke kabisa, ilhali mbu wa nyumbani huenda alimuuma wiki mbili kabla ya safari. Nimemfundisha aseme mwenyewe, hata kabla ya kuulizwa: nipimeni malaria.

Kadi ya manjano ameipata. Ilikuwa ndani ya Biblia ya marehemu mumewe, imegongwa muhuri 1998, safari yao ya Accra.