Nyumbani Kwetu: Rangi Nyekundu Nyuma ya Gurudumu



Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo hatukudhani lingefika katika ukurasa huu: kupaka rangi breki za gari. Limeletwa na mama mmoja aliyetujia baada ya ibada akiwa amekunja uso. Mume wake alikuwa amenunua Subaru Impreza kuukuu, gari la jina lile lililoshinda Safari Rally kule Kenya mwaka 1997 likiendeshwa na Colin McRae. Tangu siku hiyo kila Jumamosi ilikuwa ya gari. Sasa alitaka kupaka kalipa zake rangi nyekundu.

"Ada ya watoto haijakamilika," alisema mama huyu, "na jana ameniuliza kama oveni yangu inafika joto la digrii 200!"

Baadhi yetu tulicheka. Yeye hakucheka. Wiki mbili mbele yake familia nzima ilitazamia kwenda Iringa kwenye kipaimara, na wakati wa kurudi wangeteremka mlima Kitonga na gari hilo hilo.

Tulimwomba mzee mmoja wa usharika wetu, fundi magari wa miaka mingi, atufundishe. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Ukichungulia katikati ya matundu ya rimu utaona diski ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Chuma kinachoikumbatia diski hiyo kama kiganja ndiyo kalipa. Dereva anapokanyaga breki, mafuta ya breki husukuma pistoni iliyomo ndani ya kalipa, nayo pistoni hubana pedi kwenye diski mpaka gari lisimame. Breki za namna hii zilijulikana sana mwaka 1953, gari la Jaguar lilipozitumia na kushinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa.

Kwa nini basi wanaume huzipaka rangi? Kwanza ni urembo, maana magari ya mbio hupambwa hivyo. Lakini ipo pia sababu ya maana. Kalipa nyingi za magari ya kawaida ni za chuma cha kusubu, nacho hushika kutu, hasa kwetu sisi tulio karibu na chumvi ya bahari. Rangi nzuri huzuia kutu. Kwa hiyo, mama, usimwambie mumeo kwamba anacheza tu.

Hata hivyo rangi haiongezi nguvu ya breki hata kidogo. Kwenye magari ya Porsche, kalipa za njano zimekuwa alama ya breki zenye diski za kauri tangu mwaka 2001. Mtu akipaka kalipa zake njano, diski zake hazigeuki kuwa za kauri. Wazee wetu walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sasa tuje kwenye oveni. Ipo rangi ya unga, ambayo hupulizwa juu ya chuma kwa nguvu ya umeme, kisha chuma huokwa kwenye joto la digrii 180 hadi 200 mpaka unga uyeyuke na kushikamana. Ni rangi imara sana. Lakini kwa kazi hiyo kalipa lazima ifunguliwe yote, pistoni na mipira yake itolewe, na baadaye iwekwe mipira mipya. Hiyo ni kazi ya karakana yenye tanuri lake. Oveni inayooka mkate wa watoto isiokewe rangi kamwe, kwa sababu moshi na mabaki yake si vitu vya kuchanganya na chakula. Hapo, mama, kataa kwa upole na usibadili neno.

Kazi inayoweza kufanyika nyumbani ni ya rangi ya kawaida ya kalipa, ile inayostahimili joto. Rangi ya geti huungua na kubanduka. Kama baba ataifanya mwenyewe, mambo haya yazingatiwe:

Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu yawekewe vizuizi, na lisiachwe juu ya jeki peke yake bali likalie stendi madhubuti. Watoto wasikaribie.

Vumbi la breki lisipulizwe wala kufagiwa likiwa kavu, kwani pedi za zamani ziliweza kuwa na asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Rangi isiguse diski, pedi, wala mpira wa pistoni. Kalipa ikifunguliwa isining'inizwe kwa bomba lake la mpira. Ifungwe kwa waya.

Mafuta ya breki ni sumu, tena hula rangi. Yasitiwe kamwe kwenye chupa ya soda, maana mtoto hajui tofauti.

Kazi ikiisha, breki ikanyagwe mara kadhaa kabla gari halijasogea, mpaka iwe ngumu. Kama pistoni zilirudishwa nyuma, mguu wa kwanza waweza kuzama mpaka chini, na gari lisisimame. Nati zikazwe tena, na majaribio yafanyike polepole.

Fundi wetu alimpa mama yule maswali matatu ya kwenda nayo nyumbani. Pedi zimebaki unene gani? Zikifika milimita 3 hivi, ni wakati wa kununua nyingine. Diski zina mipasuko au mifereji? Na mafuta ya breki yalibadilishwa lini? Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya digrii 230, lakini yakishanyonya maji kiwango chake ni digrii 155 tu. Yakichemka kwenye mteremko mrefu, mguu hukanyaga hewa. Ndiyo maana mafundi wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili.

Mama yule alirudi nyumbani. Hakuanza na ada wala oveni. Alimpelekea mumewe chai pale alipokuwa ameinama, akamwomba amwonyeshe kalipa hizo ni kitu gani. Mume alifurahi kuulizwa. Alipofika kwenye swali la pedi, alitoa gurudumu la mbele apate kumwonyesha, na wote wawili wakaona: pedi zilikuwa zimebaki nyembamba kama sarafu. Yeye mwenyewe hakuwa ameziangalia, maana macho yake yalikuwa kwenye kopo la rangi.

Fedha ya rangi ilinunua pedi na mafuta mapya, na fundi akazifunga. Walikwenda Iringa wakarudi salama, Kitonga wakaiteremka kwa gia nzito. Rangi nyekundu ilipakwa miezi miwili baadaye, ada ilipokwisha kulipwa, na mama mwenyewe ndiye aliyeshika taa.

Bwana Yesu aliwaonya waliosafisha kikombe kwa nje na kuacha ndani. Hakusema nje kuachwe kuchafu. Alitaka tuanze ndani. Nasi katika nyumba zetu, tukiona mume ameshikwa na jambo tusilolielewa, tuketi karibu naye na kuuliza kabla ya kulaumu. Huenda swali la mke ndilo litakaloiokoa familia barabarani.

Mungu azilinde safari zenu. Tukutane mwezi ujao.